Nina Mawazo: Namna ya Kusoma Kitabu cha Kujisaidia Mpaka Kikusaidie

Miezi michache baada ya kumzika mama yangu nilianza kuamka saa tisa usiku. Kifua kizito, na kichwani kesi inaendelea: ungemwahisha hospitali, ungeuza kile kiwanja, ungeomba likizo mapema. Rafiki akanitumia kwenye simu kitabu kidogo cha picha cha kujisaidia wakati wa msongo, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Nikakimaliza usiku mmoja. Wiki iliyofuata nikakirudia chote. Usingizi haukurudi.

Kitabu kilikuwa kizuri. Nilichokosea ni namna ya kukisoma. Nilikisoma kama gazeti, natafuta habari mpya, na nilipoijua habari nikadhani kazi imekwisha. Vitabu vya aina hii ni kama maelezo ya mapishi, na hakuna aliyewahi kushiba kwa kusoma namna ya kupika pilau. Nilipoanza kukifanya badala ya kukisoma, mambo yalibadilika polepole. Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa: kitabu au makala anayo, nia anayo, ila hajui aanzie wapi.

Vitabu hivi vimetoka wapi

Ukijua asili yake utajua cha kutarajia. Mwaka 1979, katika hospitali ya chuo kikuu jimboni Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu, waliokuwa wamezunguka kwa madaktari bila nafuu, namna ya kuuzingatia wakati uliopo: pumzi, mwili, sauti zilizo karibu. Kozi hiyo siku hizi huchukua wiki nane. Yeye mwenyewe alijifunza mazoezi hayo kwa walimu wa Kibudha, lakini hospitalini aliyafundisha bila dini yoyote. Katika miaka hiyohiyo mwanasaikolojia Steven Hayes, aliyekuwa akisumbuliwa na mashambulio ya hofu, aliona kwamba kadiri alivyopigana na hofu ndivyo ilivyozidi kumbana. Yeye na wenzake wakajenga tiba ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita tiba ya kukubali na kudhamiria: kukubali kwamba maumivu ya moyo yapo, kisha kudhamiria kutenda yale unayoyathamini hata kama maumivu hayajaondoka. Kitabu chao cha kwanza cha kitaalamu juu yake kilitoka mwaka 1999.

Kitabu kile cha picha kimetoka humo. Mafunzo yanayokwenda nacho yalipimwa hapa kwetu Afrika Mashariki, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda. Walishiriki wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14. Nusu ya vijiji vilipata mafunzo: vikao vitano, kimoja kila wiki, kila kimoja saa mbili hivi, vikiongozwa na sauti iliyorekodiwa, pamoja na kitabu cha picha ambacho hata asiyejua kusoma angeweza kukifuata. Miezi mitatu baadaye waliopata mafunzo walikuwa na dhiki ya moyo iliyo nafuu kuliko wenzao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020.

Nimelitaja jaribio hilo kwa sababu ya namna lilivyofanyika. Hakuna aliyekabidhiwa kitabu akaambiwa nenda kasome. Walisikiliza, wakafanya, wakarudi nyumbani kufanya tena, wiki tano. Kama wanawake waliokimbia vita, wenye watoto wa kulisha, walifaidika kwa mpango huo, sioni kwa nini mimi na wewe tutafute njia ya mkato.

Kabla hujaanza

Kitabu kina mipaka. Ikiwa unafikiria kujiua au kujidhuru, ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ikiwa huli wala hulali kwa siku kadhaa, au huwezi kupitisha siku bila pombe au dawa za kulevya, weka kitabu pembeni umwone mtu. Mwambie mmoja wa nyumbani leo hii, kisha nendeni pamoja kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Huna haja ya kufika kwanza kwenye hospitali kubwa za akili kama Mirembe, Mathari au Butabika. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuanza nawe, na akiona haja atakupa rufaa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na maradhi ya akili ni maradhi.

Wapo pia wanaojiuliza kama mazoezi haya yatagongana na imani yao. Mwislamu anayehimizwa kuwa na khushuu kwenye swala, na Mkristo anayekaa kimya mbele ya Mungu kabla ya kuomba, tayari wanajua maana ya kuuleta moyo mahali ulipo mwili. Zoezi haliingii mahali pa sala, na sala haikuzuii kufanya zoezi.

Hatua ya kwanza: kitabu kimoja, daftari moja, dakika kumi

Chagua kitabu kimoja tu. Mtu mwenye mawazo hukusanya vitabu, video na vipindi, na ukusanyaji wenyewe ukageuka njia ya kukwepa zoezi. Sura moja ichukue wiki nzima. Siku ya kwanza isome, siku sita zinazobaki fanya zoezi lake tu, bila kuchungulia sura inayofuata.

Tafuta dakika kumi zilizoshikamana na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: baada ya swala ya alfajiri, maji ya chai yakiwa jikoni, au kwenye kiti cha daladala kabla halijajaa. Ukisema utafanya "nikipata nafasi," hutaipata. Daftari liwe la karatasi, na liwe lako peke yako. Kama nyumbani hakuna siri, andika kwenye vikaratasi, kisha uvichane.

Hatua ya pili: jirekodi ukisoma zoezi

Hatua hii ndiyo iliyonifaa kuliko zote, na ni watu wachache wanaoifanya. Huwezi kusoma zoezi na kulifanya kwa wakati mmoja, kwa sababu macho yako yako kwenye mstari na akili inawahi mstari unaofuata. Mazoezi mengi pia yameandikwa kwa Kiingereza, na moyo ulioumia husikia upesi zaidi lugha uliyolelewa nayo. Kwa hiyo liandike zoezi kwa Kiswahili chako, jifungie chumbani, jirekodi kwa simu ukilisoma polepole, ukinyamaza pumzi tatu baada ya kila sentensi. Kisha kila siku keti uisikilize sauti yako.

Anza na zoezi ninaloliita kutia nanga. Unaweza kusoma maneno haya kama yalivyo:

"Kuna kitu kinanisumbua sasa hivi. Nakitaja kimoyomoyo: hapa kuna hofu. Hapa kuna huzuni. Hapa kuna hasira. Sikifukuzi. Nakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, naisikia ilivyo ngumu. Nanyoosha mgongo. Natoa pumzi polepole mpaka iishe, kisha naiacha hewa iingie yenyewe. Natazama vitu vitano vilivyo mbele yangu. Nasikiliza sauti tatu, hata ya mbali. Nashika magoti yangu, naisikia nguo kwenye vidole. Huzuni bado ipo. Na mimi nipo, hapa, chumbani kwangu. Sasa nina kazi gani mkononi? Naielekea."

Soma tena yale maneno "bado ipo." Watu wengi hulifanya zoezi hili mara moja, wakaona huzuni haijaondoka, wakasema halifanyi kazi. Waulize wavuvi. Nanga haitulizi kusi. Upepo unavuma vilevile na mawimbi yanapiga vilevile, ila chombo hakikokotwi kwenye mwamba. Kipimo chako ni hiki: baada ya zoezi, je, umeweza kumsikiliza mtoto anayeongea na wewe? Umeweza kumaliza kuosha vyombo? Kama umeweza, nanga imeshika.

Fanya zoezi siku ambazo una utulivu, kwa sababu hakuna anayejifunza kuogelea siku ya kuzama. Tena acha macho wazi. Aliyepitia kipigo, ajali au vita anaweza kuyafumba macho akakutana na picha asizozitaka. Na kama kufuatilia pumzi kunakupa hofu zaidi, mfano una pumu, achana na pumzi kabisa, baki na nyayo na sauti.

Hatua ya tatu: jifunze kusema "nina"

Vitabu hivi hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba mtu si mawazo yake. Kiswahili kinalijua jambo hilo tangu zamani. Hatusemi "mimi ni huzuni." Tunasema nina huzuni, nina hofu, nina mawazo. Vunja neno hilo: ni-na, yaani mimi pamoja na. Mawazo ni kitu nilicho nacho, kama nilivyo na mzigo mkononi au mgeni sebuleni. Mgeni anaweza kuwa msumbufu na akakaa siku nyingi, lakini hati ya nyumba haina jina lake.

Tunanaswa pale "nina" inapogeuka "ni": mimi ni mshindwa, mimi ni mzigo, mimi ni mama mbaya. Hapo wazo halionekani tena kama wazo, linaonekana kama ukweli usiohojiwa. Basi fanya hivi. Chukua sentensi moja inayokurudia sana, uiandike daftarini mara tatu, kila mara ukiongeza maneno. Yangu ilikuwa hii:

Mimi ni mtoto aliyemwacha mama yake.
Nina wazo kwamba mimi ni mtoto aliyemwacha mama yake.
Naona kwamba nina wazo linalosema mimi ni mtoto aliyemwacha mama yake.

Isome ya kwanza kwa sauti, kisha ya tatu, usikilize tofauti kifuani. Sikubishana na wazo lile wala sikujaribu kulithibitisha au kulikanusha. Nilirudi nyuma hatua mbili nikalitazama. Kwa wiki mbili nilifanya hivyo kila lilipokuja, usiku kucha nyakati nyingine, na siku moja nikatambua kwamba limekuja na kupita nikiwa napiga pasi.

Kuna njia nyingine kwa neno moja linalouma. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Edward Titchener, mwanasaikolojia, alieleza kwamba neno likirudiwa upesi mara nyingi maana yake hufifia, ikabaki sauti tupu, na tiba ya kukubali na kudhamiria ikalifanya jambo hilo kuwa zoezi. Anza na neno lisilo na uchungu: sema "maziwa, maziwa, maziwa" kwa haraka nusu dakika. Weupe wake na ladha yake vitayeyuka. Siku nyingine fanya hivyo kwa neno ulilowahi kurushiwa: mvivu, tasa, mjinga. Ufanye ukiwa peke yako, na si kwa jeraha bichi.

Hatua ya nne: upe uchungu nafasi

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani waliwaambia wanafunzi wakae dakika tano wakisema yanayowapitia akilini, ila wasimfikirie dubu mweupe, na akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Kisha walipoambiwa sasa mfikirieni, dubu aliwajaa kuliko waliokuwa wameruhusiwa tangu mwanzo. Hebu fikiria basi tunavyoambiana misibani: acha mawazo, jikaze, sahau. Tunasema kwa upendo, lakini tunampa mfiwa kazi isiyofanyika, na akishindwa anajiona ana kasoro.

Zoezi lake ni fupi. Uchungu unapokuja, tafuta umekaa wapi mwilini: koo, kifua, tumbo? Una ukubwa gani? Ungekuwa kitu, ungekuwa jiwe, kamba, moto? Weka mkono hapo. Vuta pumzi kama unayeupanulia chumba, useme: kaa, nafasi ipo. Dakika mbili au tatu zatosha. Sikuahidi kwamba utaondoka. Mara nyingi unabaki, lakini unaacha kushika nyumba nzima.

Lakini neno "kukubali" linaweza kutumiwa vibaya, na limeshatumiwa. Kinachokubaliwa hapa ni hisia iliyokwisha kuwamo ndani yako. Hukubali kupigwa na mume, hukubali kunyimwa mshahara, hukubali mkubwa anayekushikashika ofisini. Katika kila hali ngumu jiulize kwanza: je, ninaweza kuondoka? Kama kuondoka hakuwezekani au hakufai, ni kipi ninachoweza kukibadilisha, hata kidogo? Kile kisichobadilika ndicho unachokipa nafasi, ukiendelea kuishi kwa yale unayoyathamini. Njia inayobaki ni kukata tamaa, na hiyo haipo katika tiba hii. Anayekusomea kitabu hiki ili uvumilie kipigo amekipindua.

Hatua ya tano: chagua mwelekeo, kisha hatua ya leo

Bila hatua hii mazoezi mengine yote ni kujiliwaza. Andika majibu ya swali moja: watu wako wa karibu wakikusimulia, ungependa waseme ulikuwa mtu wa namna gani? Usiandike gari wala cheo. Kuoa ni lengo, na siku ya nikahi limekwisha. Kuwa mume mpole ni mwelekeo, na hakuna siku utakayosema nimefika. Mwelekeo una faida kubwa kwa mtu mwenye mawazo, kwa sababu unaweza kuufuata leo, ukiwa hivyohivyo ulivyo, huna kazi na hujalala.

Chagua mmoja tu. Kisha tafuta tendo dogo utakalolimaliza ndani ya saa 24. Mimi niliandika "ndugu anayejali," na tendo likawa kumpigia shangazi simu na kumsikiliza bila kumkatisha. Niliogopa atanitajia mama. Alimtaja. Nililia, na tukaongea dakika arobaini. Tendo likikushinda siku ya kwanza, lilikuwa kubwa mno: likate nusu.

Hatua ya sita: jipe pole

Mtu akijikwaa barabarani tunamwambia pole, hata hatumjui. Akiwa ameloa mvua, pole. Akitoka safari, pole. Hatumuulizi kwanza kama alikuwa na makosa. Ni neno fupi, linalobeba huruma bila hukumu, nasi tunaligawa siku nzima kwa kila mtu isipokuwa nafsi zetu. Tukijikwaa wenyewe tunajitukana.

Kwa hiyo unapokumbuka kosa lako, weka kiganja kifuani, ujiite kwa jina ambalo bibi yako au mtu aliyekupenda alikuitia, na useme: pole. Pole kwa haya. Mara ya kwanza nilishindwa kulitamka. Nililiandika tu, siku tatu, kabla halijatoka mdomoni. Ikiwa nawe linakukwama, anza kwa kuliandika.

Hatua ya saba: tafuta wa kufanya naye

Mmoja anatosha. Kama mna kikundi cha kuweka akiba, ombeni dakika kumi mwishoni, mcheze ile sauti ya nanga mkiwa wote mmeketi. Msishurutishane kusimulia mambo ya ndani. Mtu anaweza kufanya kila zoezi bila kusema linalomsumbua.

Wiki tano au sita zikiisha, chagua mazoezi mawili yaliyokufaa na uyaandike kwenye karatasi moja uiweke pochini au nyuma ya kava la simu. Usiku ule wa saa tisa utarudi, kwangu hurudi kila unapokaribia mwezi aliofariki mama. Ukirudi, usifungue kitabu ukurasa wa kwanza wala usijihesabu kuwa umeanza upya. Keti ukingoni mwa kitanda, teremsha nyayo zote mbili sakafuni, ubonyeze ile sauti.